SOMO LA ROBO MWAKA HII: KUBORESHA JIKO LA NYUMBANI KWA FEDHA KIDOGO

Somo la robo mwaka hii linahusu mahali ambapo mama wa nyumbani hutumia saa nyingi kila siku, lakini ambapo wageni wetu hawakaribishwi: jikoni. Ili tuelewane, tutasema "jiko" tukimaanisha chumba cha kupikia, na "meko" tukimaanisha mahali pa moto.

Lengo la somo

Baada ya somo hili kamati iweze kusaidia kaya kupanga ni kitu gani kianze na kipi kisubiri, hasa pale fedha zinapokuwa hazitoshi.

Kwa nini tuanze na moshi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaoumia zaidi ni mama na mtoto aliyebebwa mgongoni. Kwa hiyo jiko lenye sakafu ya saruji lakini limejaa moshi bado halijaboreshwa.

Tulivyojikwaa

Tuseme ukweli. Katika vijiji vya nyanda za juu tulijenga meko ya udongo yenye bomba la moshi. Tulipiga picha, tukaandika ripoti, tukafurahi. Tuliporudi baada ya mavuno, tulikuta kaya kadhaa zimerudia mafiga matatu, na meko yetu yamekuwa mahali pa kuwekea ndoo. Mama mmoja alitupeleka darini na kutuonyesha mahindi yake yaliyotobolewa na dumuzi, unga ukimwagika kwenye vidole. Akatuambia, "Ninyi wa dayosisi, moshi mlioufukuza ndio uliokuwa unalinda chakula changu."

Hatukuwa na jibu. Katika jiko la asili moto hufanya kazi nne: hupika, hupasha joto nyumba, huangaza, na moshi wake hukausha na kulinda nafaka iliyoko darini. Sisi tulihesabu kazi moja tu. Aliyejua zote nne hatukumuuliza.

Mpangilio tunaoupendekeza sasa

1. Mambo yasiyohitaji fedha. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikaushwe chini ya paa. Kuni mbichi hupoteza moto mwingi kwa kukausha maji yake yenyewe. Sufuria ifunikwe. Maharage yalowekwe usiku. Kapu lililojazwa majani makavu au vitambaa laweza kumalizia kuivisha maharage au makande yaliyokwisha kuchemka vizuri, bila kuni zaidi.

2. Nafaka ihamishwe kwanza. Kabla ya kuondoa moshi, kaya iwe na mahali pengine pa kuhifadhi mahindi, kwa mfano mifuko maalumu isiyopitisha hewa au pipa linalofunga vizuri. Mahindi yawe makavu kabisa. Kipimo rahisi: tia punje na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha acha vitulie. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani.

3. Hewa na mwanga. Toboa nafasi juu ya ukuta, pande mbili zinazoelekeana, ili hewa ipite. Kama paa ni la bati, kipande kimoja cha bati la plastiki linalopitisha mwanga humwezesha mama kuona anachopika bila kuwasha koroboi mchana.

4. Meko. Udongo wa kichuguu ni mzuri. Uchanganye na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, lakini tengeneza kwanza matofali madogo ya majaribio yenye vipimo tofauti. Chagua lile lisilopasuka likikauka. Mdomo wa kuni uwe mdogo, na sufuria ikae karibu na moto bila kuuziba. Meko yakauke kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuwashwa kwa nguvu. Kimo kipimwe kwa mpishi mwenyewe: anayesonga ugali wa watu wanane anahitaji meko ya chini na imara kuliko anayechemsha chai. Leteni sufuria zake siku ya kujenga.

5. Bomba la moshi. Lisipitishwe kwenye paa la nyasi. Jengeni meko kwenye ukuta wa nje, bomba litokee ukutani na lisimame mbali na nyasi. Masizi yasafishwe kila mwezi, maana bomba lililoziba hurudisha moshi wote ndani.

6. Kichanja na meza ya kazi. Fito na misumari michache hutosha. Vyombo vikauke juani, na mboga zikatwe juu ya meza badala ya chini wanakopita kuku.

7. Sakafu na lipu. Hivi vije mwisho, ingawa ndivyo wengi wetu hupenda kuanza navyo kwa sababu vinaonekana kwenye picha.

Je, gesi?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Tunauunga mkono. Meko ya kuni yaliyoboreshwa ni hatua tu. Bado yanatoa moshi. Lakini kabla ya kununua mtungi, kaya ijiulize: fedha za kujaza tena zitatoka wapi, na duka liko umbali gani? Wengi huanza kwa gesi kupika chai na uji, maharage yakibaki kwenye kuni. Huo ni mwanzo mzuri. Jambo moja halina mjadala: jiko la mkaa lisilazwe chumbani usiku kwa ajili ya joto. Hewa yake huua bila harufu.

Neno kwa wafadhili

Msituulize tu tumejenga meko mangapi. Tuulizeni ni mangapi yanawaka baada ya msimu mmoja wa mvua, na mahindi yako wapi. Safari ya kurudi kukagua inahitaji mafuta ya gari na posho, na huwa ya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Tunaomba isikatwe.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mtaa wetu, moto wa jikoni hufanya kazi ngapi? Akina mama wajibu kwanza.
2. Ni nani katika kaya anayeamua matumizi ya fedha za jiko, na je, ndiye anayepika?
3. Ni mambo gani mawili yasiyo na gharama tunayoweza kuanza wiki hii?
4. Ni meko yapi yaliyojengwa zamani ambayo hayatumiki? Nani atakwenda kuuliza sababu?

Tunaomba majibu ya swali la nne yatumwe ofisini kabla ya mkutano ujao. Hayo ndiyo yatakayotuongoza kupanga bajeti ya mwaka.