Nani Alipika Chakula cha Kwenye Sinema?

Wengi wetu tumewahi kutazama sinema. Wazee wetu waliitazama ilipoletwa na gari, kitambaa cheupe kikatundikwa uwanjani usiku. Siku hizi watu huitazama kwenye banda la video au kwenye simu. Leo tutajifunza jambo moja la sinema ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona.

Hebu kumbuka sinema yo yote ya mambo ya ndoa. Mume anarudi kazini. Anakaa. Chakula kipo mezani, kinatoa mvuke. Mume na mke wanaongea, halafu wanagombana, maana sinema bila ugomvi haiendi. Ugomvi ukiisha tunawaona mahali pengine, wamevaa nguo safi. Sasa tujiulize: nani aliosha mchele? Vile vyombo vimekwenda wapi? Na shati lile jeupe, nani kalifua?

Jibu limo katika namna sinema inavyotengenezwa. Picha hupigwa vipande vipande. Kisha vipande huchaguliwa, hukatwa na kuunganishwa. Anayesimamia kazi hiyo yote huitwa mwongozaji. Sinema ya saa mbili inaweza kusimulia mambo ya miaka ishirini, kwa hiyo mengi ni lazima yaachwe. Hapo hatuna ugomvi naye. Lakini mbona kinachoachwa ni kile kile kila mara? Maneno makali ya dakika tano yanaonyeshwa yote. Kazi ya saa nne iliyoleta chakula inakatwa. Mtazamaji anatoka pale kama vile wali ulijipika wenyewe. Na mke mwema wa sinema ni nani? Ni yule anayevumilia, analia kidogo, halafu analeta chai.

Wapo waongozaji walioamua kufanya kinyume. Mwaka 1975 mwanamke wa Ubelgiji, Chantal Akerman, alitoa sinema juu ya mjane wa mjini Brussels aitwaye Jeanne Dielman. Inachukua zaidi ya saa tatu. Mama yule anamenya viazi, na sisi tunakaa tu tukimtazama anavyomenya. Mwaka 2022 gazeti la Uingereza liitwalo Sight and Sound liliwauliza wajuzi wengi wa sinema, na hiyo ikashika nafasi ya kwanza kati ya sinema zote. Wengine husema inachosha. Inachosha kweli, na kumenya viazi kila siku pia kunachosha.

Iliyo karibu nasi zaidi ni sinema ya India, kwa sababu sinema za Kihindi tumezizoea tangu zamani. Inaitwa The Great Indian Kitchen, maana yake Jiko Kuu la Kihindi. Ilitoka Januari 2021 katika jimbo la Kerala, na mwongozaji wake ni Jeo Baby, mwanamume. Msichana anayependa kucheza ngoma anaolewa na mwalimu. Watu wa nyumba ile hawana majina. Ni mke, mume, baba mkwe, mama mkwe. Hakuna ulevi wala kipigo. Baba mkwe ni mpole kabisa. Anasema kwa upole kwamba wali wa kwenye sufuria la mvuke haumpendezi, upikwe kwa kuni. Nguo zake je? Mashine ya kufulia ipo, lakini zake zifuliwe kwa mkono. Asubuhi mkewe humletea mswaki mkononi. Wanaume wanakula kwanza, wanatupa makapi juu ya meza, wanawake wanakuja kula pale pale penye uchafu.

Mama mkwe anapoondoka kwenda kumwangalia binti yake mjamzito, kazi zote zinamwangukia bibi harusi. Bomba la sinki linavuja. Anamwomba mume aite fundi. Mume anasema sawa, anasahau. Anamkumbusha, anasahau tena. Tunaona ndoo chini ya sinki, maji machafu, mikono yake. Akitaka kuomba kazi ya kufundisha ngoma, baba mkwe anakataa, tena anatoa mfano wa mkewe mwenyewe, msomi wa chuo kikuu aliyebaki nyumbani. Mama mkwe yule yule anamwambia msichana kwa simu aombe tu, lakini asiseme ni yeye aliyemshauri. Jambo hilo dogo lilitugusa kuliko yote.

Mwishowe wanaume wanataka chai, na yeye anawapelekea maji ya sinki. Mume anapomfuata jikoni kwa hasira, ndoo nzima inamwagika juu yao. Mke anaondoka. Baadaye tunamwona akifundisha ngoma. Mume naye kaoa mwingine, na mke mpya yuko jikoni.

Watu waliitazama wakabishana sana, wengine wakasema mke angesubiri. Sisi tunauliza, angesubiri nini? Fundi?

Kwetu Tanzania swali hili lilifika mahakamani zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ikivunjika, mali iliyochumwa pamoja igawanywe kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Je, kupika na kulea watoto ni mchango? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema ndiyo, kazi za nyumbani zihesabiwe. Lakini mke akidai, itambidi aeleze alifanya nini. Ataanzia wapi, ikiwa hata yeye mwenyewe amezoea kusema "mimi sifanyi kazi, nipo nyumbani tu"?

Katika kikundi chenu cha kusoma, tazameni sinema moja ya ndoa. Mmoja ashike kalamu. Kila chakula kinapotokea, aandike nani alionekana akikipika. Kisha kila mume aliyepo aandike kazi alizofanya mkewe jana, tangu alfajiri, bila kumwuliza. Karatasi asomewe mke, naye aongeze zilizosahauliwa.