Miwani Mpya: Usiifiche Kabatini Siku ya Tatu

Umepimwa macho, ukasubiri miwani, ukalipa. Unaivaa ukitoka dukani na ardhi inaonekana imeinama. Ngazi ziko karibu kuliko zilivyo, na kufikia jioni kichwa kinauma. Siku ya tatu miwani inarudi kwenye kasha lake na jirani anaambiwa, "Haikunikubali." Kabla ya kufika hapo, soma haya.

Kuona si kazi ya jicho peke yake. Ubongo ulishazoea picha ya awali, hata kama ilikuwa na ukungu, na sasa unaletewa picha nyingine. Lenzi yenye alama ya kutoa (–) hupunguza ukubwa wa vitu. Yenye alama ya kujumlisha (+) huvikuza. Ikiwa kwenye karatasi yako ya vipimo kuna namba katika safu ya CYL, lenzi hiyo hukuza zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ndiyo maana fremu ya mlango huonekana imepinda. Kwa kawaida ubongo hujirekebisha kwa siku chache, pengine wiki mbili.

Ivae tangu asubuhi, uanzie nyumbani. Usibadilishane na ile ya zamani kila baada ya saa moja, kwani utaanza upya kila mara. Ikiwa lenzi zako zina sehemu ya kusomea chini, inamisha kidevu unaposhuka ngazi ili utazame kupitia sehemu ya juu. Usiendeshe gari wala bodaboda, na usipande juu ya paa, hadi ardhi itulie machoni. Miwani ya kusomea pekee si ya kutembea nayo: ukitazama mbali utaona ukungu, na hilo si kosa la fundi.

Utajuaje kwamba kosa lipo? Tofautisha mpindo na ukungu. Vitu vikionekana wazi lakini vimepinda, vumilia. Herufi zikiwa na ukungu na hazibadiliki siku baada ya siku, rudi. Funika jicho moja kwa kiganja, soma, kisha ubadilishe. Jicho moja likiona vibaya kuliko lilivyoona kwa miwani ya zamani, usingoje wiki mbili ziishe. Huenda namba zilinakiliwa vibaya, au katikati ya lenzi hapakukaa mbele ya mboni, au fremu inateleza puani tu. Nenda na miwani zote mbili na karatasi ya vipimo, uombe lenzi zipimwe tena. Kipo kifaa cha kazi hiyo na huchukua dakika chache. Si ugomvi, ni haki ya mteja.

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Sukari ikipanda na kushuka, nguvu ya lenzi iliyo ndani ya jicho hubadilika, na miwani iliyofaa mwezi huu huenda isifae mwezi ujao. Mwambie anayekupima, na ikiwezekana upimwe sukari ikiwa imetulia.

Watoto hawasemi, huvua tu. Mtazame mwanao: akichungulia juu ya fremu au akiivua anaposoma, mrudishe kliniki. Usimwachishe kwa kuambiwa kwamba miwani hulegeza macho. Si kweli. Hatari iko upande wa pili, kwa kuwa jicho la mtoto lisilopata picha safi hushindwa kujifunza kuona, na nafasi ya kulirekebisha hupungua sana baada ya miaka 7 au 8.

Yako mambo ambayo hayahusiani na kuzoea miwani: vimulimuli vya ghafla, madoa meusi mengi kwa mara moja, kivuli kama pazia upande mmoja, jicho jekundu lenye maumivu makali, kuona vitu viwili viwili ghafla, au kupoteza uwezo wa kuona. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.