AKIBA HAIOZI, LAKINI MSHUMAA HUPINDA

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta somo dogo kuhusu mshumaa. Usicheke! Sisi wanafunzi wa kutwa tunajua kwamba stima ikipotea usiku wa kuamkia mtihani, hakuna jenereta ya bweni. Ni wewe, kitabu chako na mshumaa.

Yaliyotupata

Mwaka jana mwezi wa Februari, nikiwa kidato cha pili, stima ilikuwa ikipotea karibu kila jioni mtaani kwetu hapa Voi. Mama yangu ana kioski, naye akaona hiyo ni biashara. Akachukua pesa alizokuwa amenidunduizia za karo ya muhula wa pili, akanunua pakiti 40 za mishumaa kwa bei ya jumla. Kioski ni kidogo, kwa hiyo akaniambia niipeleke nyumbani. Mimi ndiye niliyeipanga juu ya kabati, karibu kabisa na mabati. Nilijiona mwerevu kweli: mahali pakavu, tena wadogo zangu hawafiki.

Kumbe stima nayo ikatulia wiki tatu nzima. Ilipopotea tena, mama akanituma mbio. Nilipofungua pakiti za juu, lo! Mishumaa ilikuwa imepinda kama ndoana, na mingine imeshikana. Wateja waliishika, wakacheka, wakairudisha. Mama akasema, "Imeoza. Na karo yako imeoza nayo." Usiku huo sikupata usingizi.

Je, mshumaa huoza?

Kesho yake nilimpelekea mwalimu wetu wa Kemia mshumaa mmoja. Akaunusa, akaniuliza, "Umeota ukungu? Unanuka? Basi haujaoza." Halafu akanieleza hivi.

Mishumaa mingi ya madukani hutengenezwa kwa nta ya parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli yasiyosafishwa. Nta hiyo ni kaboni na haidrojeni tu, na si rahisi kwake kuingiliana na hewa ikiwa haijawashwa. Ndiyo maana hukaa miaka mingi bila kuharibika. Mishumaa ya zamani iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama ndiyo iliyokuwa ikivunda na kunuka.

Mwalimu aliongeza kuwa nisione haya kuuliza habari za mshumaa. Mwanasayansi Michael Faraday aliwafundisha vijana mjini London mihadhara sita, mwishoni mwa mwaka 1860 na mwanzoni mwa 1861, na yote ilihusu mshumaa tu.

Basi, ikiwa hauozi, huzeekaje? Maadui zake ni wanne:

1. Joto. Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za sentigredi, kulingana na aina yake. Lakini haingoji kuyeyuka ndipo ipinde. Hulegea mapema zaidi, na uzito wake wenyewe huukunja mshumaa. Bati la Voi likipigwa na jua la mchana huwa kama kikaango, na kabati langu lilikuwa chini yake.

2. Mwanga. Jua huchujua rangi ya mshumaa, na mweupe huweza kugeuka manjano kidogo. Bado utawaka, lakini mnunuzi ataukataa.

3. Unyevu. Nta haipitishi maji, ila utambi ni pamba na hunyonya. Ukiuwasha ukiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke, nao mshumaa hutatarika na kurushia cheche daftari lako.

4. Vumbi. Takataka huingia katika nta iliyoyeyuka na kuuziba utambi, usiweze kuvuta nta juu. Moto hufifia na kutoa moshi. Hapo unalaumu macho yako bure.

Mishumaa yenye manukato ina adui wa tano, yaani muda. Harufu yake hutoka kidogo kidogo hata kama haijawashwa.

Jinsi ya kuunyoosha

Usijaribu kuukunjua ukiwa baridi, utavunjika. Mimi nilivunja minne kabla ya kujifunza. Weka maji vuguvugu katika karai, yasiyochoma mkono. Utie mshumaa na uugeuzegeuze, maana huelea. Ukilegea, uviringishe juu ya meza kwa ubao bapa hadi unyooke, kisha uutie katika maji baridi ugande hivyo hivyo. Mwisho, ufute vizuri na uuache siku mbili kivulini ili utambi ukauke.

Tulifanya kazi hiyo jioni tatu, mimi na wadogo zangu. Pakiti za chini hazikuwa zimepinda; zilizoharibika zilikuwa 13. Mama alikataa kuiuza kama mipya. Kila mteja alimwambia, "Hii ilipinda, tukainyoosha," akampunguzia bei. Faida haikuonekana, lakini karo ilirudi. Ile iliyovunjika ndiyo niliyosomea mtihani wa mwisho wa muhula.

Namna ya kuihifadhi

(a) Ilaze chali katika boksi, isisimame wala isiegemee kitu. Ikilala sawa, hata ikilegea haina pa kupindia.
(b) Iweke chini, si juu. Hewa ya joto hupanda. Uvungu wa kitanda unafaa, lakini tanguliza ubao ili unyevu wa sakafu usiifikie.
(c) Ifunge kwa karatasi nyeupe au ya kaki. Wino wa gazeti huweza kuipaka madoa.
(d) Ya rangi usiichanganye na nyeupe, kwani rangi huambukizana.
(e) Iwe mbali na jiko, na mbali na dirisha lenye jua.
(f) Usiigandishe kwenye friji ukidhani baridi kali ndiyo dawa, huweza kupasuka.
(g) Uliotumika nusu, ufunike usiingie vumbi. Kabla ya kuuwasha tena, punguza utambi ubaki kama milimita 6. Utambi mrefu hutoa masizi.

Na kwa wanaosoma usiku: usiusimamishe mshumaa juu ya plastiki wala kitabu. Tumia sahani ya bati au kopo lenye mchanga, mbali na pazia na chandarua. Usingizi ukikuelemea, uzime kwanza.

Wahenga walisema akiba haiozi, nami sibishani nao. Lakini nimejifunza kwamba akiba inahitaji mahali pa kulala. Ukiitupa popote, siku utakayoihitaji utaikuta imepinda.

Zoezi

1. Kwa nini pakiti za juu zilipinda na za chini zikabaki sawa?
2. Mshumaa unatatarika ukiwashwa. Kosa ni la nta au la utambi? Eleza.
3. Leo ukifika nyumbani, tazama mishumaa yenu iko wapi. Je, utaiacha papo hapo?