Dame ya siku mbili: mchezaji wa mtaani ajitayarishe vipi?

Swali: Mimi ni kijana wa Dilala, hapa Kolwezi. Tunacheza dame kwa vifuniko vya chupa. Sasa tumealikwa Likasi, siku ya posho na siku ya yenga, kushindana na vikundi vingine. Nijitayarishe vipi?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza uliza ni ubao gani utatumika. Dame ya kimataifa ina miraba 100, na kila mchezaji ana kete 20. Ubao mdogo una miraba 64, na kete 12 kwa kila mchezaji. Aliyezoea mdogo hupotea kwenye mkubwa, maana mitego yake ni mirefu zaidi.

Pili, jua sheria mapema. Kimataifa, kula ni lazima, na penye njia mbili unafuata ile inayokula kete nyingi. Kete ya kawaida inakula hata kurudi nyuma. Ikifika mstari wa mwisho inakuwa dame, yaani kete kubwa, na kuruka mbali. Kete uliyoigusa, uicheze. Mtaani tunaruhusiana kurudisha kete, lakini kwenye mashindano hairuhusiwi, basi acha tabia hiyo leo.

Tatu, tunza akili. Uchovu wa siku ya pili unaangusha wengi. Usiku wa posho lala mapema, na kila mchezo uliopoteza uandike ili uuchunguze.

Usiogope wenye sifa. Sifa si kipimo cha uwezo: Baba Sy, mchezaji wa dame wa Senegali, alitambuliwa mwaka 1986, baada ya kufa, kuwa bingwa wa dunia wa 1963. Nenda, cheza kwa heshima, kisha wafundishe wadogo zako uliyojifunza.