Somo Letu: Tumtambue na Tumsaidie Asiyeweza Kusoma



Hapa Gisozi, katika karakana za Gakinjiro, tunaye mwenzetu fundi wa milango. Akipima ubao hakosei. Lakini mwisho wa mwezi mmoja alitia kidole gumba kwenye karatasi ya malipo ya siku 20, hali alifanya kazi siku 26. Hakuweza kusoma, na aliona haya kuuliza. Sisi tuliosimama nyuma yake mstarini hatukujua. Kosa hilo ni letu pia.

Dalili ni hizi: kila siku amesahau miwani, barua yake humpa mwingine asome, hutia sahihi upesi bila kutazama, hukataa unyapara kwa kuwa una daftari.

Sababu si moja, basi na msaada si mmoja.

1. Asiyeingia shule kabisa aanze na irabu, kisha silabi ba, be, bi, bo, bu. Asome lugha anayoisema nyumbani kwanza, ndipo Kiswahili.

2. Aliyesoma zamani huenda macho yamechoka. Mtu akipita miaka 40, maandishi ya karibu huanza kumshinda. Ukiona anasogeza karatasi mbali, apimwe macho kabla ya kupewa kitabu.

3. Yuko mwenye akili nzuri na macho mazima, lakini herufi humchanganya, b akaiona d. Wataalamu huiita hali hii disleksia. Si uvivu wala ujinga. Apewe maneno machache yenye herufi kubwa, ayatamke kwa sauti, ayarudie mara nyingi. Sisi maseremala tuchonge herufi kwa vipande vya mbao, azipapase kwa vidole huku akizitamka.

Tusingoje mwalimu mwenye cheti. Tanzania ilipoanza kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1971, walimu wengi walikuwa wananchi wa kawaida waliojua kusoma, na madarasa yalifika hata viwandani. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walishuka hadi watu wazima 39 katika kila 100.

Maneno ya kwanza yawe ya kazi: jina lake, siku, mshahara, hatari, sumu. Tumfundishe faraghani, na asichekwe.

Fundi wetu sasa husoma hesabu ya siku zake kwanza, ndipo huandika jina lake. Kidole hatii tena.

Mwezi huu, kila ajuaye kusoma amshike mkono mwenzake mmoja.