Kifua Kikuu Kimetoka kwa Nani? Vinasaba vya Bakteria na Elimu ya Sanad



Ndugu zangu wanafunzi, mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, si udaktari. Lakini kuna swali ambalo nimelisikia hosteli kila mwenzetu anapogundulika kuwa na kifua kikuu: "Kaupata kwa nani?" Baada ya swali hilo hutajwa jina la mtu, na mara nyingi jina hilo halina ushahidi wowote. Nimemwona ndugu yetu mmoja akirudi chumbani baada ya kuanza dawa na kuruhusiwa na daktari, akakuta wenzake wamehamisha vitanda na wameacha kula naye sinia moja. Somo hili linaeleza jinsi maabara zinavyolijibu swali la "kwa nani", na jibu hilo linaishia wapi.

1. Ugonjwa unavyosambaa

Bakteria wa kifua kikuu alitangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Husafiri kwa hewa, mgonjwa wa mapafu anapokohoa au kuzungumza. Hauambukizwi kwa sahani, kikombe wala kupeana mkono. Chumba kilichofungwa madirisha ndicho cha kuogopwa, si sinia.

Jambo linalofanya ufuatiliaji uwe mgumu ni kwamba mtu anaweza kuvuta bakteria leo na asiugue hadi baada ya miaka mingi. Wengi wa walioambukizwa hawaugui kabisa maishani mwao. Basi anayekohoa leo huenda alimvuta bakteria huyo mwezi uliopita, na huenda alimvuta akiwa shule ya msingi. Ukimuuliza mwenyewe, hajui.

2. Bakteria nao wana nasaba

Kila bakteria anapojigawa hunakili vinasaba vyake, na mara chache sana hukosea herufi moja. Kosa hilo hurithiwa na kizazi chake chote. Kwa hiyo bakteria waliotoka kwa asili moja karibuni hufanana, na waliotengana zamani hutofautiana.

Mwaka 1993 wataalamu walikubaliana juu ya njia moja ya kupima mfanano huo. Katika vinasaba vya bakteria hawa kuna kipande kiitwacho IS6110 ambacho hujinakili na kuhamia mahali pengine. Idadi ya nakala na mahali zilipokaa hutofautiana kati ya ukoo na ukoo. Maabara hukata vinasaba hivyo na kupata mistari inayofanana na alama za bei dukani. Baadaye ikaja njia ya kuhesabu vipande vinavyojirudia katika sehemu 24, inayotoa mfululizo wa namba. Siku hizi husomwa jenomu nzima, yenye herufi takriban milioni 4.4. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2013 ulionyesha kuwa hubadilika wastani wa herufi moja kila miaka miwili. Wagonjwa wawili ambao bakteria wao wanapishana herufi tano au pungufu huenda wameunganishwa na maambukizi ya karibuni. Zikizidi 12, uwezekano huo ni mdogo sana.

Tusichanganye kipimo hiki na mashine ya GeneXpert iliyopo hospitali nyingi. Hiyo huonyesha kama bakteria yupo kwenye makohozi na kama amezoea dawa ya rifampisini. Haisomi ukoo wake.

3. Kilichogunduliwa

Huko San Francisco, Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 1994 ulilinganisha bakteria wa wagonjwa 473. Wagonjwa 191 walionekana kuugua kutokana na maambukizi ya karibuni. Lakini mahojiano ya kawaida, ya kumuuliza mgonjwa alikaa na nani, yaligundua uhusiano kwa asilimia 10 tu ya hao.

Karibu na kwetu, wilayani Karonga, kaskazini mwa Malawi, watafiti walisoma jenomu za bakteria waliokusanywa kwa miaka mingi. Waliona kuwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi ndiye aliyeweza kuhesabiwa kuwa ameambukizwa na mtu wa karibu anayejulikana. Wengi waliambukizwa kwingineko, na watu ambao wasingeweza kuwataja. Basi sisi tunaomnyooshea kidole mwenza wa chumba tunategemea nini?

Mfano wa tatu ni wa Cape Town, mwaka 1999. Wagonjwa 16 waliokuwa wamepona waliugua tena. Mtu angesema haraka kuwa ugonjwa wa zamani haukutoka mwilini, na pengine angewashuku kuwa hawakumeza vidonge sawasawa. Vinasaba vilionyesha kuwa 12 kati yao walikuwa na bakteria wa ukoo mwingine. Walikuwa wameambukizwa upya.

4. Kufanana si kukutana

Hapa nirudi kwenye fani yangu. Tunapofundishwa Mustalah, mwalimu hatuachi tuseme sanad imeungana kwa sababu tu maneno ya wapokezi wawili yanafanana. Tunauliza: waliishi zama moja? Walikutana? Imam Muslim alitosheka na kuishi zama moja pamoja na uwezekano wa kukutana. Imam Bukhari anajulikana kwa kutaka ithibitike kwamba walikutana. Sababu ni kwamba watu wawili wanaweza kusema neno moja kwa kuwa wote walilipokea kwa mtu wa tatu.

Vinasaba viko hivyo hivyo. Vikitofautiana sana, vinaikata sanad: fulani hakumwambukiza fulani karibuni, na tuhuma imeanguka. Vikifanana, vinasema tu kuwa bakteria hao ni ndugu. Peke yake mfanano hauonyeshi nani alitangulia, wala haukanushi kuwapo kwa mtu wa tatu aliyewaambukiza wote wawili na ambaye hajapimwa. Ndiyo maana wahudumu wa afya bado huuliza mgonjwa alikaa wapi, lini na nani. Maabara na mahojiano husimama pamoja.

Hata alama zenyewe zina daraja. Katika mlipuko mmoja huko British Columbia, Kanada, njia ya kuhesabu vipande ilionyesha bakteria wa wagonjwa kuwa sawa. Jenomu nzima iliposomwa, matokeo yakitolewa mwaka 2011, ilibainika kuwa ni milipuko miwili iliyokwenda sambamba.

5. Mafunzo kwetu

Kwanza, elimu hii imewekwa ili mnyororo wa maambukizi ukatwe na wagonjwa wasiojulikana watafutwe watibiwe. Haikuwekwa ili apatikane wa kulaumiwa. Hata mgonjwa aliyemwambukiza mwenzake hakukusudia, naye aliambukizwa na mtu.

Pili, Suratul Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na inatukataza dhana mbaya na kuchunguzana. Ikiwa mtaalamu mwenye jenomu mkononi hathubutu kusema "fulani ndiye" bila ushahidi mwingine, sisi wa hosteli tuna haki gani ya kulisema?

Tatu, ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe. Ukiulizwa na wahudumu ulikaa na nani, sema kweli, kwa kuwa jibu lako linaweza kumfikia mgonjwa asiyejijua. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita na yanaponya. Fungueni madirisha ya vyumba na ya musalla. Na daktari akishamruhusu ndugu yako kurudi, mrudishie nafasi yake kwenye sinia.

Wallahu a'lam.