Somo: Hadithi yenye dharau, tuifute, tuiache au tuibadilishe?



Lengo la somo: kujadili bila ugomvi hadithi, wimbo au mchezo unaodharau watu.

Mfano wa kwanza. Kitabu cha picha Tintin au Congo kilitungwa na Mbelgiji Hergé mwaka 1930 na 1931, wakati nchi yetu ilikuwa koloni. Kinatuonyesha Wakongo kama watoto wavivu. Mwaka 1946 Hergé alikichora upya. Pale Tintin alipofundisha wanafunzi Wakongo kuhusu nchi yao Ubelgiji, aliweka hesabu. Lakini sura za dharau zilibaki.

Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alipeleka mashtaka Brussels ili kitabu kipigwe marufuku. Mwaka 2012 mahakama ilikataa, ikisema mwandishi hakukusudia kuchochea chuki. Mwaka 2023 lilitoka toleo lenye dibaji inayoeleza zama za ukoloni.

Mfano wa pili. Marekani, kampuni ya Disney ilikuwa na mchezo wa mitumbwi, Splash Mountain, uliotokana na filamu ya 1946 iliyopamba maisha ya Weusi mashambani baada ya utumwa. Mwaka 2023 ilifunga mchezo huo katika bustani zake mbili za huko. Mwaka 2024 iliufungua tena kwa hadithi ya Tiana, binti Mweusi. Mitumbwi ni ile ile, hadithi ni nyingine.

Tunajifunza nini? Wengine husema kufuta ni kuficha historia. Wengine hujibu kwamba mtoto haoni historia, anaona picha tu. Pande zote mbili zisikilizwe, lakini aliyedharauliwa aanze kusema. Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hapa Fizi na Baraka hatuna bustani hizo. Tuna nyimbo, utani na majina ya kejeli kati ya Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliru na wengine. Watoto wetu huyabeba hata kambini, na jina la dharau hurahisisha kumpiga jirani.

Maswali ya kujadili:
1. Ni wimbo au jina gani linaloumiza jirani yako? Umemuuliza?
2. Je, maneno yanaweza kubadilishwa na ngoma ibaki?
3. Tutawaeleza watoto nini kuhusu maneno ya zamani?

Kazi: kila kundi lichague wimbo mmoja, liurekebishe pamoja na wale unaowataja, kisha liuimbe mbele ya wote.